Maoni Mafupi juu ya Sinema Zetu za Karibuni

Sinema ni sehemu ya utamaduni kama zilivyo ngoma, hadithi na mashairi. Kwa hiyo haitoshi kuitazama, kucheka na kurudi nyumbani. Hapana budi tuihoji. Katika miaka ya sabini ilitoka "Fimbo ya Mnyonge", filamu iliyohimiza maisha ya vijiji vya ujamaa. Ilikuja na jibu lake tayari, na mtazamaji alitakiwa alipokee. Je, watengenezaji wa siku hizi wanatutaka nini? Tuzitazame kazi mbili zilizotoka mwaka 2021.

Ya kwanza ni "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Tumo Zanzibar ya miaka ya hamsini, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Tulichokipenda zaidi ni utulivu wake: vichochoro, vivuli na taarabu husema pale wahusika wanaponyamaza. Lakini riwaya ni ndefu, na mengi yamefupishwa; mara nyingine siasa yabaki kuwa pazia tu nyuma ya mapenzi. Mwanafunzi asidhani kuwa sinema hii yamwondolea wajibu wa kukisoma kitabu.

Ya pili ni "Binti" ya Seko Shamte, inayosimulia maisha ya wanawake wanne wa leo. Siri ya mtungi aijuaye kata; nayo sinema hii yatutia mtungini, tukaone deni, kipigo, uchungu wa kukosa mtoto, na uzito wa kulea mtoto mwenye mahitaji maalumu. Huo ni ujasiri. Kasoro yake ni kwamba hadithi nne zimebanwa katika muda mfupi, na twaagana na mhusika ndipo tumeanza kumjua.

Hata hivyo, zote mbili zina sifa moja: hazituhubirii. Yasmin anapoondoka kwa mumewe, mmoja wetu atamsifu, mwingine atauliza juu ya heshima ya wazazi. Ubishi huo ndio faida. Taifa linalozoea kupewa majibu husahau kuuliza. Basi mwalimu asiwaulize wanafunzi wake sinema yafundisha nini tu. Awaulize pia kama watu wale ni wa kweli, na wao wangalitenda nini.