Michezo ya Kufunga Mwaka

Karamu ya kufunga mwaka haipendezi kwa wingi wa pilau tu, bali kwa kuwa hakuna mgeni aketiye pweke. Kwetu twaanza na mchezo wa "Nyama": kiongozi hutaja mnyama, nasi twaruka tukiitikia, "Nyama!" Lakini akitaja asiyeliwa, kama fisi, aliyeruka hutoka. Watoto hufurahi mno, ila wazee hubaki watazamaji tu. Kwa hiyo twafuatisha vitendawili. Hapo bibi yetu, asiyeweza tena kutembea bila mkongojo, hutega. Tukishindwa twampa mji, ndipo atufumbulie. Vijana hodari wa mbio huishiwa na miji, naye hucheka akitawala. Basi, wapangieni wazee mchezo kabla ya kuwapangia viti.