Mkwe wa Bara, Samaki wa Pwani na Chupa Isiyo na Chumvi

MWANAMKE akiolewa kwenye familia ya pwani kuna vitu viwili lazima akaguliwe: pilau na samaki. Pilau inasameheka, maana siku ya shughuli kuna mpishi wa kukodi. Samaki hana msamaha. Ni chakula cha kila siku, na mama mkwe akionja mara moja tu ameshaandika ripoti yake kichwani.

Sasa kuna mdada mmoja wa Mbagala (jina kapuni), miaka 26, mzaliwa wa Singida. Kwao heshima ya mgeni ni kuku wa kienyeji, na samaki alizoea kuwaona wamekaushwa mnadani. Akaja Dar kutafuta maisha, akampata kijana fundi wa AC, wakaoana. Mama wa kijana ni mzaliwa wa Unguja. Hakupinga ndoa hata kidogo. Alisema tu neno moja jikoni, kwa sauti ya kufika sebuleni: "Mwanangu sasa atazoea mlenda."

Basi bwana, mdada akaamua kujifunza. Akanunua masala ya samaki ya pakiti dukani, yale yenye rangi nyekundu ya kuvutia, akawa anapaka changu, anakaanga, watu wanalamba vidole. Baada ya mwaka akafungua ukurasa wa Instagram, akaanza kuuza kwa oda: changu wa kukaanga, kamba wa kuchoma, pweza. Alfajiri yuko Feri anagombania mnadani, saa sita mchana bodaboda wanasambaza maofisini. Pesa ikaanza kuonekana.

Halafu mama mkwe akaanguka bafuni. Presha.

Ikabidi aje kukaa Mbagala kwa mwanaye. Daktari akampa vidonge na sharti moja: punguza chumvi. Na kipimo chenyewe si cha mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tena hapo ni jumla ya kila kitu, kuanzia mkate wa asubuhi mpaka mboga ya usiku. Kwa mama aliyekulia kwenye ng'onda, huo ni msiba. Ng'onda ikafutwa nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini samaki wa mkwe aliendelea kuliwa kama kawaida. Mpaka siku moja mdada akageuza pakiti ya masala, akasoma nyuma. Kwenye pakiti viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi ndicho kinaanza. Jina la kwanza lilikuwa chumvi. Na yeye kila siku alikuwa anaongeza chumvi yake juu ya hiyo. Yaani mgonjwa asubuhi anapewa kidonge cha kushusha presha, mchana anapewa cha kuipandisha, na mkono ni uleule.

Pakiti ikatupwa. Kilichofuata ni samaki wa kuchemsha na ndimu, basi. Mama mkwe akaonja siku ya kwanza, ya pili akasukuma sahani. "Hiki ni chakula cha hospitali, na mimi nimeshatoka hospitali." Wiki ya tatu gauni zimeanza kumpwaya. Mume yuko katikati, akimtetea mke anaonekana kamsahau mama, akimtetea mama anavuruga kazi ya daktari. Kumbe mama naye ana mbinu zake: kijana alipotandika kitanda akakuta pakiti ya chumvi chini ya mto.

Watu wengi hapo wangepiga kelele. Mdada hakumgombeza mtu. Alivuta kigoda, akamwamkia mama mkwe wake, akauliza: "Mama, zamani kule Unguja, kabla ya hizi pakiti, samaki mlikuwa mnamtia nini?"

Mama akanyamaza kwanza. Halafu akaanza kutaja, kimoja kimoja. Giligilani kavu. Binzari nyembamba. Pilipili manga. Iliki. Mdalasini. Karafuu, lakini kwa adabu. Manjano. Tatizo likawa vipimo. Kila akiulizwa kiasi gani, anakunja kiganja anasema "hivi". Mtoto wa kisasa hawezi kupika kwa "hivi". Mdada akatafuta njia: kila mama akichota kwa kiganja, kabla hakijafika kwenye kikaango yeye anapokea kwenye kijiko, anahesabu, anaandika kwenye simu.

Mara ya kwanza walikosea karafuu. Samaki akanukia kama kliniki ya meno. Na si utani, mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa eugenol chenye kutia ganzi, ndo maana madaktari wa meno wanaitumia miaka nenda miaka rudi. Ukizidisha karafuu, samaki hasikiki tena. Ila siku hiyo mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwenye nyumba ile.

Mara ya pili mdada alisaga viungo vikiwa bado vya moto. Mvuke ukabaki ndani ya chupa, unga ukashikana mabonge. Vikishakaangwa viachwe vipoe kabisa, la sivyo ni kualika ukungu.

Mara ya tatu ikakaa. Vipimo vilivyobaki kwenye simu yake ni hivi:

Giligilani kavu nzima, vijiko 4 vya chakula.
Binzari nyembamba nzima, vijiko 2 vya chakula.
Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chakula.
Iliki, punje 6.
Karafuu, punje 3, usiongeze.
Mdalasini, kipande cha urefu wa pingili moja ya kidole.
Manjano ya unga, kijiko 1 cha chakula.
Tangawizi ya unga, vijiko 2 vya chai.
Vitunguu swaumu vya unga, vijiko 2 vya chai.
Pilipili kali ya unga, kijiko 1 cha chai.

Vile sita vya mwanzo, ambavyo ni vizima, vinakaangwa bila mafuta kwa moto mdogo, dakika mbili mpaka tatu, huku unakoroga. Harufu ikipanda tu, epua. Ukisubiri vibadilike kuwa vyeusi umeshapata uchungu. Vikipoa, vinasagwa kwenye brenda kavu, vinachekechwa, ndipo vile vya unga vinaingia. Vya unga havikaangwi, vinaungua haraka.

Kwa nini vizima na si vya unga dukani? Kwanza kiungo kikishasagwa harufu yake inaanza kuondoka, kizima kinatunza. Pili, kizima unakiona. Punje ya iliki ni punje ya iliki, lakini ndani ya unga mtu anaweza kuficha lolote. Chupa iwe ya kioo, kavu, yenye mfuniko wa kubana, na ikae mbali na jiko na jua. Yeye hatengenezi ya kupita miezi mitatu.

Sasa swali la wengi: bila chumvi si itakuwa majani tu? Hapo ndo mama mkwe alipoonyesha kazi. Ukali wa ndimu au ukwaju unauamsha ulimi, mtu anakula chumvi kidogo sana na haoni pengo. Kwa hiyo masala hayaendi peke yake. Kwa changu wa nusu kilo ni kijiko kimoja cha chakula cha masala, ndimu moja na mafuta kidogo, unachanja mistari, unapaka mpaka ndani, unaacha nusu saa. Kamba usiwaache kwenye ndimu zaidi ya dakika 15, ndimu inaanza kuwapika kabla ya moto na wanakuwa wagumu. Pweza anapigwapigwa kwanza, anachemshwa mpaka alainike, masala yanaingia wakati wa kuchoma. Na kamba na pweza wa bahari wana chumvi yao kidogo ya asili, kwa nini umwongezee mtu mwenye presha?

Siku masala yalipokaa sawa, mama mkwe alimaliza samaki mzima, akabakiza mifupa tu. Sifa hakutoa. Alisema: "Iliki imezidi punje moja." Kesho yake akauliza chupa iko wapi. Wiki iliyofuata mdada akakuta ile pakiti ya chumvi iko jikoni juu ya kabati, imefungwa kwa raba. Hakuna aliyeitaja.

Hapa lazima iwekwe wazi, maana mitandaoni watu wanapenda miujiza. Presha haikupona kwa binzari. Vidonge anameza mpaka leo na kliniki anakwenda kila mwezi. Masala yalichofanya ni kumrudisha mgonjwa kwenye sahani, basi. Ila uliza yeyote mwenye mzazi wa presha ndani ya nyumba, atakuambia hiyo peke yake ni vita.

Mdada akahamishia masala yale kwenye biashara. Kuna wateja walilalamika samaki "amepoa", wengine wakahama. Akaanza kuweka chumvi pembeni kwenye kikaratasi, anayetaka anyunyize mwenyewe. Taratibu watu wakaanza kuuliza masala yenyewe, akawa anauza chupa moja moja.

Ndipo akatokea mwenye duka mmoja mjini, anataka chupa 200 kwa mpigo. Hela yake ingelipa kodi ya miezi sita na chenji ikabaki. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, nembo ya TBS, hilo mdada alilielewa, ni sheria. La pili, nusu ya chupa iwe chumvi. Hesabu za mwenye duka zilinyooka: chumvi ni rahisi, ni nzito, inajaza chupa, na iliki ni ghali. Mteja hatajua tofauti.

Siku tatu mdada hakulala vizuri. Mwenye nyumba alishapiga simu mara mbili. Mume alisema uamuzi ni wake. Mwishowe akamweleza mama mkwe, akitegemea kuambiwa chukua pesa mwanangu, shida hazina adabu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Chumvi si kila mtu anayo nyumbani kwake? Sasa wewe unamuuzia ya nini?"

Mdada akampigia mwenye duka, akakataa kwa heshima. Kodi akaenda kuikopa kwenye kikoba, na bado anailipa kidogo kidogo. Nembo ya TBS anaifuatilia kwa jina lake mwenyewe. Haijawa hadithi ya mtu kununua gari. Asubuhi bado anagombania samaki Feri, na jioni mama mkwe wake anakaa kwenye kigoda anachambua giligilani, anatoa vijiti na mawe, huku akimwambia kila anayepita kwamba mkwe wake wa bara anazidisha iliki.

Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ina majina kumi. La kwanza ni giligilani, la kumi ni karafuu, na chumvi haipo. Pakiti iliyoko jikoni kwako, hasa kama nyumbani kuna mzazi anayemeza vidonge vya presha, igeuze leo usome jina la kwanza.