Kila Chekeche na Hasara Yake

Ndugu msomaji, nataka nikueleze habari ya chombo kilichorushwa angani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mwaka 1970, na habari ya gunia moja la ufuta lililonipitia mikononi hapa Mchinga mwaka 1994. Ukiona mambo haya mawili yako mbalimbali, nivumilie kidogo, kwani mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi bila ya kutambua kwamba yana jambo moja ndani yake.

Nianze na gunia. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja alinipa kazi ya ukarani wa kununua ufuta. Wewe uliyekulia Lindi au Kilwa huna haja ya kuelezwa kazi hiyo. Mkulima huleta gunia, karani humimina juu ya chekeche, mchanga na vumbi huanguka chini, na kinachobaki juu ndicho kinachopimwa na kulipwa. Tajiri wangu alikuwa amekwisha kulalamikiwa huko alikopeleka mzigo kwamba ufuta wake una mchanga. Basi akaniletea chekeche jipya, matundu yake makubwa kuliko yale ya zamani, akaniamrisha nisitumie jingine. Mzigo ukawa safi kweli kweli. Tajiri akanisifu, nami nikajiona karani hodari.

Siku moja akaja mama mjane, mtu wa mtaani kwetu. Shamba lake lilikatikiwa na mvua mwishoni, na punje zake zilitoka ndogo. Gunia lake lilikuwa kilo 60. Nilipokwisha kuchekecha, juu zikabaki kilo 43. Nikaandika katika daftari: ufuta 43, na mbele yake: takataka 17. Yule mama akalitazama lile fungu la chini, akainama, akachota kiganjani, akanisogezea usoni.

“Mwanangu, hizi nazo ni takataka?”

Nikamjibu, “Mama, ndiyo kanuni.”

Hakusema neno la pili. Alilirudisha lile fungu ndani ya gunia lake, akajitwika, akaenda zake.

Sasa tuliache gunia hapo, tusafiri kaskazini. Miaka minane kabla ya hayo nilikuwa nimekwenda Malindi kwa arusi ya jamaa zetu, na baada ya arusi wenyeji wakanitembeza mpaka Ngomeni. Pale ufukoni wakanionyesha vitu baharini ambavyo kwa mbali nilividhania meli zilizotia nanga. Kumbe yalikuwa majukwaa ya chuma, yamesimama majini juu ya miguu yao. Wakaniambia hayo ni majukwaa ya Wataliani, moja likiitwa San Marco na la pili Santa Rita, na kwamba kutoka pale hurushwa maroketi. Nilishangaa kama mgeni anavyoshangaa, kisha nikarudi nyumbani. Miaka mingi baadaye binti yangu, ambaye husomesha fizikia katika shule ya sekondari, ndiye aliyeniambia ni kitu gani hasa kilichoondoka pale.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Wamarekani. Mama mmoja aitwaye Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi ule katika shirika la NASA, akaipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wao. Naam, ndugu msomaji, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta eksirei za mbinguni ina jina la Kiswahili. Mpaka leo vitabu vya wataalamu wa nyota huandika neno hilo, na wengi wanaolisoma hawajui hata linavyotamkwa.

Eksirei unazijua za hospitali, zinazopita katika nyama na kuonyesha mfupa. Angani pia zipo, hutoka mahali penye joto la kupita kiasi, mathalani pale nyota moja inapomnyonya mwenziwe. Lakini hewa yetu huzimeza zote, hata moja haifiki kwetu chini. Ndiyo sababu ikawa hapana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Na walichagua pwani yetu kwa kuwa ni karibu na mstari wa ikweta. Mzunguko wa dunia huisaidia roketi pale, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta kwa kimo kile huepukana kwa sehemu kubwa na maeneo yaliyojaa chembe za kasi zenye umeme. Chembe hizo ndizo mchanga wa hadithi hii.

Ndani ya Uhuru mlikuwa na masanduku ya gesi. Eksirei ikiingia, huzipiga atomi za gesi na kutoa elektroni, na umeme huo mdogo husikika katika waya kama pigo moja. Kila pigo wataalamu huliita tukio, na ukubwa wa pigo hueleza nishati ya eksirei iliyoingia. Taabu ni kwamba chembe za kasi nazo huingia na kupiga, tena kwa wingi kuliko eksirei zenyewe. Itajulikanaje basi ipi ni ipi? Walitumia hila mbili. Ya kwanza, eksirei hummaliza nguvu zake mahali pamoja, kwa hiyo pigo lake hupanda ghafla. Chembe ya kasi hukata njia ndefu ndani ya gesi, na pigo lake hupanda kwa kusuasua. Pigo la kusuasua likatupwa. Ya pili, chembe ikipita na kugusa pande mbili kwa wakati mmoja, hiyo ni mpita njia, nayo ikatupwa.

Kwa kuchuja hivyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei mbinguni. Ilionyesha kwamba kile kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.84 kama moyo, na habari zake juu ya Cygnus X-1 ziliwaelekeza wataalamu kwenye kitu cha kwanza kudhaniwa kwa nguvu kuwa shimo jeusi. Kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lau wasingechuja, vile vyanzo vilivyo hafifu vingepotea ndani ya kelele za chembe.

Hapo ndipo nilipomwambia binti yangu, “Basi chekeche kali ndilo jema.” Akacheka. Akasema, “Baba, ngoja kwanza.” Akachukua ungo wa mama yake, akachora juu yake viraba kwa chaki.

Darubini za siku hizi, kama Chandra ya Wamarekani na XMM-Newton ya Wazungu wa Ulaya, zote mbili zilizorushwa mwaka 1999, hazitegemei gesi. Zina bamba la silikoni lililogawanywa viraba vidogo vidogo mno. Eksirei ikitua, hutoa elektroni moja kwa kila elektrovolti 3.65 hivi za nishati yake. Eksirei ya madini ya chuma, yenye elektrovolti 6,400, hutoa elektroni zipatazo 1,750. Ukizihesabu vyema elektroni, umeijua nishati, na ukiijua nishati umejua ni madini gani yaliyotoa mwanga ule, ingawa yako mbali hata akili hukataa.

Lakini elektroni hizo huwa wingu dogo, na wingu halichagui pa kuangukia. Likiangukia katikati ya kiraba, lote huingia humo. Likiangukia mpakani, hugawanyika viraba viwili; pembeni, vitatu au vinne. Na kila kiraba kinaposomwa huongeza kosa lake dogo la hesabu, na kipande kilicho kidogo mno huachwa bila kuhesabiwa. Kwa hiyo tukio la kiraba kimoja ndilo linaloeleza nishati kwa usahihi zaidi. Lililogawanyika ni kweli pia, ni eksirei halali kutoka nyota ile ile, ila maelezo yake yamefifia. Ama chembe ya kasi huacha mchirizi au doa pana, viraba vingi kwa pamoja, na umbo hilo hukataliwa.

Sasa tazama mtego. Mtu anayetaka kutenganisha rangi mbili za nishati zilizokaribiana atachagua viraba kimoja kimoja tu, na atapata picha kali. Lakini amekwisha kutupa eksirei za kweli, na ikiwa nyota yake ni hafifu, huenda zikabaki chache hata asiweze kusema kama ipo au haipo. Mwenye kutafuta nyota hafifu atachukua viwili viwili, na vitatu, na vinne, apate wingi, akubali ukungu kidogo katika nishati. Akizidi kulegeza, chembe za kasi huanza kuingia kwa jina la eksirei, na wingi wake haumfai tena. Chandra ina namna moja ya kutazama viraba 25 badala ya 9 kulizunguka kila tukio, ili kuzitambua chembe vizuri zaidi. Husafisha sana, lakini ukielekea nyota angavu, ambako eksirei hutua zimebanana, huzitupa na zilizo halali kwa kosa la kuwa na jirani.

Kwa hiyo jibu la swali la chekeche lipi ni jema hutegemea umeulizwa nini.

Hata kile chombo cha Wajapani, XRISM, kilichorushwa Septemba 2023, hakikuepukana na jambo hili. Kipimo chake kiitwacho Resolve kina viraba 36 tu, vimepozwa mpaka karibu kabisa na mwisho wa baridi, nacho hupima joto linaloletwa na eksirei moja moja. Bamba la silikoni hukosea kwa elektrovolti 130 au zaidi kidogo kwa eksirei za nishati ya 6,000. Hiki hukosea kwa 5 hivi. Ajabu iliyoje! Lakini joto la tukio moja likiwa halijatulia na la pili likaingia, yote mawili hushushwa daraja. Tukio la daraja la juu sharti liwe peke yake, limeachana na wenziwe kwa muda wa karibu sehemu saba katika mia za sekunde. Nyota iking’aa mno, matukio ya daraja la juu hupungua.

Nikamwuliza yaliyokataliwa huenda wapi. Hapo binti yangu akasema neno lililonikata ini. Baadhi ya maumbo, akasema, Chandra huyatupa huko huko juu, kwa sababu njia ya kuleta habari duniani ni nyembamba, na kilichotupwa huko hakirudi tena. Yanayoletwa huja na alama ya umbo lake, na aliye chini huchagua mwenyewe, na kesho mwingine mwenye swali jingine anaweza kuchagua vingine. Na yeyote anayechagua, hata akichagua kwa ukali namna gani, ni wajibu wake katika hesabu kurudisha ile sehemu ya halali aliyoiacha. Kama viraba kimoja kimoja ni sehemu fulani tu ya matukio yote ya kweli, basi mwanga wa nyota uhesabiwe kwa kuijua sehemu ile. Asipofanya hivyo atatangaza kwamba nyota ni hafifu kuliko ilivyo, na kosa litakuwa lake, si la nyota.

Nilinyamaza. Nililiona lile daftari mbele ya macho yangu. Chekeche la matundu makubwa halikuwa dhambi, ndugu msomaji. Tajiri aliulizwa habari ya mchanga, na chekeche lile lilijibu swali hilo. Lakini mimi niliandika takataka 17, kana kwamba chini ya chekeche hapakuwa na kitu ila mchanga, ilhali nilikuwa nimeonyeshwa kiganjani. Ningeweza kulipitisha fungu lile katika chekeche la zamani, lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma yangu. Ningeweza walau kuandika: punje ndogo, hazikupimwa. Sikufanya hata hilo. Msimu uliofuata nilimwomba tajiri tuwe na machekeche mawili na bei mbili. Akasema hesabu zitamsumbua. Nikaendelea naye msimu mmoja zaidi, kisha nikaacha, na sisemi kwamba niliacha kwa sababu hiyo.

Yule mama sasa ni marehemu. Siku ya nne baada ya kumrudisha na gunia lake, alasiri, alimtuma mwanawe kwangu na sahani iliyofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na kashata za ufuta. Mtoto akasema mama yake ameupepeta ule wa chini kwa ungo, na zimetoka pishi nyingi tu, nyingine wameuza kwa majirani. Nikazila nimekaa barazani. Sikukuta mchanga.