AMFUKUZA MDOGO WAKE KISA KOMPYUTA INAZIMA, KUMBE MBAYA WAO YUMO NDANI YA BOKSI

Wadau, mlioko mikoani mnaijua steshenari. Siyo kuuza kalamu na madaftari tu. Ni kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo ukifika ndiyo mavuno yenyewe. Mwanafunzi anatoka Chunya au Kyela na bahasha yake, anajaza fomu mtandaoni, inachapwa, anaenda kusainiwa na kugongewa muhuri, anarudi iskaniwe na kupandishwa. Hapo kompyuta ndiyo duka lenyewe, hizo rafu ni mapambo.

Sasa kuna dada mmoja pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ana steshenari ya chumba kimoja. Mashine yake ni ya mezani, mtumba wa ofisi za Ulaya ulionunuliwa Kariakoo. Alikuwa anafanya kazi na mdogo wake wa kiume, dogo aliyemaliza kidato cha nne, mpole, ana mkono mwepesi kwenye kuchapa. Mambo yalikuwa freshi mpaka mashine ilipoanza kuzima. Siyo kuganda, kuzima kabisa. Kioo cheusi, feni kimya, halafu inajiwasha yenyewe kama vile haijafanya kitu. Mara nyingine inaleta ile skrini ya bluu yenye maandishi meupe, mteja anakuangalia na wewe unamwangalia.

Fundi wa kwanza akapiga Windows upya. Wiki moja, tatizo likarudi. Fundi wa pili naye akapiga Windows. Ndiyo Bongo hiyo, kompyuta ikiumwa chochote inapigwa Windows, kama mtu anayepewa Panadol hata kama kavunjika mguu. Ila huyu wa pili aliondoka na maneno: "Dada, hii ina virusi, kuna mtu anaingiza flashi za muvi." Na anayependa muvi dukani pale ni mmoja tu.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa ya mwisho wa maombi. Binti wa watu kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, fomu yake imezima mara tatu kabla ya kuhifadhiwa, analia kimya kimya. Dada akapandisha hasira mbele ya wateja: "Tangu uje hapa hii mashine haijawahi kupumzika! Chukua begi lako." Dogo hakujibu. Alimpeleka yule binti steshenari ya mtaa wa pili, akamlipia mwenyewe, kisha akaenda stendi. Kesho yake alikuwa Iringa kwa mzee mmoja wa kwao anayetengeneza redio na kompyuta maeneo ya Miomboni.

Utamu ni kwamba dogo kaondoka na flashi zake zote, na mashine ikaendelea kuzima. Miezi miwili! Dada anajua, majirani wanajua, ila nani atapiga simu kwanza? Ikabidi mama yao aliyeko Tukuyu aingilie kati. Alisema neno moja tu: "Hiyo mashine ipelekeni kwa mtoto."

Basi boksi likafungwa kwenye blanketi, likapandishwa basi, Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa. Ndani ya blanketi kulikuwa na kaunta buku. Zamani dada alimwambia dogo aandike kila mashine inapozima ili fundi aonyeshwe, na dogo aliandika kweli, tarehe na saa. Hakuna fundi aliyewahi kuomba kuliona. Kama dada aliliweka makusudi au liliingia tu, hajawahi kusema.

Mzee alipokea mzigo, akauwasha. Siku mbili, haukuzima. Hapa ndipo mafundi wengi wanasema "imepona" na kuchukua hela. Mzee akavuta kiti. "Kamwene, mwanangu. Hebu nisomee hilo daftari."

Saa nne, saa tano, saa tano na nusu. Mchana kimya. Saa nane, saa tisa. Usiku wakichapa kazi za watu, haizimi. Jumapili wanafungua baada ya ibada, haijazima hata Jumapili moja.

"Virusi vinaenda kanisani?" mzee akauliza. "Jirani yenu ni nani?"

"Fundi mageti, mzee. Anachomelea."

Pamoja na hayo hakurukia jibu. Alifungua boksi, ambalo wengi tunaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kidude cha kutosha kiganjani. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeshonana kwenye feni kama sufi, akalitoa kwa brashi ya rangi. Pesti juu ya prosesa ilishakauka, akapaka nyingine, akaangalia joto, liko sawa. Akachomoa RAM, akafuta meno yake kwa raba ya mwanafunzi, akaacha Memtest86 ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja hakuna. Hadidiski ikapimwa, nzima. Kila kinachopita kinafutwa kwenye orodha, ndiyo kazi yenyewe, haina miujiza.

Ikabaki pawa saplai. Mzee akaweka multimita kwenye waya wa njano, ambao unatakiwa kutoa volti 12. Mashine ikiwa imetulia, 12.1. Akawasha programu ya kuichosha prosesa, namba ikashuka mpaka 11.1. Kinachoruhusiwa ni kupungua asilimia 5, yaani isishuke chini ya 11.4. Akaazima pawa saplai ya mashine nyingine, akarudia zoezi lile lile usiku mzima. Ikagoma kushuka.

Ile mbovu ilipofunguliwa (msijaribu nyumbani, humo ndani umeme unabaki hata ukichomoa waya), kapasita zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Kapasita ni kama simtanki. Bomba likikohoa kidogo, nyumba inatumia ya kwenye tanki, hamjui hata kama maji yalikatika. Fundi mageti akigusa chuma, umeme wa pale unayumba kwa kipande cha sekunde, mashine nzima inavumilia. Hii tanki lake lilishatoboka. Na siyo jambo geni, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa dunia nzima mpaka kampuni kubwa zikabadilishia wateja mazabodi. Mitumba yetu mingi ina umri, kapasita zake zimechoka tu.

Pawa saplai nyingine ya mtumba ikapatikana kwa elfu thelathini. Windows haikupigwa.

Dogo ndiye aliyefunga blanketi kwa safari ya kurudi. Siku mashine ilipofika Mwanjelwa, simu yake ikaita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Imewaka."

"Haya. Nunua stabilaiza, dada. Pawa saplai hiyo nayo ni mtumba."

Kimya. Kwa mbali dogo anasikia mashine ya kopi inavuta karatasi.

"Mama anauliza unarudi lini," dada akasema.

"Mama au wewe?"

Simu ikakatika. Inawezekana ni mtandao. Jioni iliingia elfu hamsini kwenye simu ya dogo, bila ujumbe. Mzee alikuwa anadai elfu thelathini na tano, na ufundi humo humo.

Dogo bado yuko Miomboni, siku hizi multimita anashika yeye. Kiti chake kule dukani kimeachwa wazi, wateja wanakaa kwenye benchi. Wadau, ungekuwa wewe ungerudi?