Mnyama wa Bukini

Msomaji, hukumu itolewayo juu ya kipande huwa ni kipande cha hukumu. Fikira hiyo hunijia kila nisomapo habari za mnyama mla nyama aliyeishi katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, yapata miaka milioni 70 iliyopita. Mnyama huyo ni dinosau aitwaye Majungasaurus. Jina lake limetokana na Majunga, bandari ya kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho, ambayo sasa huitwa Mahajanga.

Zamani za kale Bukini ilikuwa imeungana na Afrika upande mmoja na Bara Hindi upande wa pili. Iliachana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, na Bara Hindi yapata milioni 88. Tangu hapo ilizungukwa na bahari, na viumbe wake wakaishi peke yao. Mwenye nguvu miongoni mwao alikuwa Majungasaurus. Urefu wake ulikuwa meta 6 au 7. Pua yake ilikuwa fupi na pana. Juu ya kichwa alikuwa na pembe moja butu. Na mikono yake ilikuwa mifupi mno hata haikufaa kukamata kitu. Silaha yake ilikuwa taya.

Wataalamu walimfahamu polepole. Mwaka 1896 Mfaransa Charles Depéret alieleza habari zake kwa meno mawili, ukucha na mifupa michache. Mwaka 1955 René Lavocat alimpa jina alilo nalo. Mwaka 1979 kipande cha fuvu chenye kinundu kilidhaniwa kuwa cha dinosau mwingine kabisa, mla majani. Mwaka 1996 fuvu lililokaribia kuwa zima lilipatikana, ikadhihirika kuwa kinundu kile kilikuwa pembe yake. Mla nyama alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wala majani!

Mwaka 2003 ilitangazwa habari nzito zaidi. Alama za meno ya Majungasaurus zilionekana katika mifupa ya Rapetosaurus, mla majani mwenye shingo ndefu, na pia katika mifupa ya Majungasaurus wenziwe. Nafasi baina ya alama zile zililingana na meno yake. Mla nyama mwingine wa kisiwani mwenye meno ya namna hiyo hajulikani. Alikula jamaa zake.

Najua, msomaji, neno litakalokujia ulimini: katili. Nakusihi ulizuie kidogo. Mifupa yasema kuwa aliliwa. Haisemi aliuawa na nani. Nchi ile ilikuwa na kiangazi kikali, mito ikikauka na wanyama wakifa kwa wingi. Huenda mlaji alimkuta mwenziwe amekwisha kufa, naye njaa imemshika. Mnyama hana sheria ila tumbo lake.

Binadamu ana sheria nyingine moyoni. Mtu afichaye nafaka mwaka wa njaa, angoje bei ipande hali watoto wa jirani wanalala bila chakula, amemla mwenziwe pasipo kutumia jino. Yeye ana akili ya kuchagua, na amechagua. Basi neno lile tumwekee huyo, wala tusilipoteze bure juu ya mifupa ya Bukini.