Mlinzi wa Nguo

Sisi tuliokulia Ujiji tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Hakuna aliyetufundisha. Unaingia na wakubwa, unameza maji, unachapwa na mama ukirudi na macho mekundu, kesho unakwenda tena. Na Tanganyika si ziwa la kuchezea. Huko mbele kina chake kinafika karibu mita 1,470, na duniani kote ni Baikal tu linalolizidi.

Tulikuwa na mwenzetu asiyeona. Surua ilimpata akiwa mdogo sana, ikaondoka na macho yake. Jina lake hatulitaji, maana yupo na mtaani anafahamika. Kila tulipokwenda ziwani tulikwenda naye, tumemshika mkono, na tukifika tulimkalisha karibu na dagaa walioanikwa, tukamwachia nguo zetu. "Wewe tulindie." Tuliona tumemtendea wema. Honi ya Liemba aliisikia kabla yetu sote, akatuambia meli inaingia Kigoma wakati sisi bado tunabishana. Lakini majini hakuingia hata siku moja. Mama yake alikuwa amekataza, na tukisema kweli, katazo lile lilitupunguzia kazi.

Sasa wawili kati yetu tuko seminarini. Tukiwa tunaandaa mada kwa ajili ya vijana wa parokia, tulikutana na habari za Trischa Zorn, na mada yetu ikaharibika.

Zorn ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1964 huko California, macho yake yakiwa hayana ile duara ya rangi inayopunguza mwanga. Hakuwahi kuona kama wengine wanavyoona. Aliingizwa majini akiwa mtoto. Alipofika umri wa chuo, Chuo Kikuu cha Nebraska kilimpa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kuogelea, akashindana huko na wanaoona. Alishiriki Michezo ya Paralimpiki kuanzia Arnhem, Uholanzi, mwaka 1980, hadi Athens mwaka 2004. Barcelona peke yake, mwaka 1992, alitwaa dhahabu 10. Medali zake zote zinapita 40, na hakuna mwanaparalimpiki mwingine aliyezifikia. Katikati ya hayo alifundisha shule, kisha akasomea sheria.

Hata hivyo si medali zilizotunyima usingizi. Ni fimbo.

Mwogeleaji asiyeona kabisa hauoni ukuta wa bwawa, na anaujia kwa kasi. Kwa hiyo kila upande anasimama mtu mwenye fimbo ndefu yenye kitu laini nchani. Mwogeleaji akikaribia, anaguswa kichwani au mgongoni, basi anajua: geuka sasa. Akiguswa mapema anapoteza mwendo. Akiguswa kwa kuchelewa anagonga ukuta. Washindani wote wa kundi hilo huvaa miwani iliyotiwa weusi, ili asiwepo anayefaidi hata mwanga mdogo. Brad Snyder, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipofushwa na bomu Afghanistan tarehe 7 Septemba 2011. Tarehe 7 Septemba 2012 alishinda dhahabu ya mita 400 mjini London. Mwaka mmoja kamili! Miaka tisa baadaye, Tokyo, alishinda mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa pamoja. Safari hiyo kuogelea kulikuwa kwenye maji ya wazi, hakuna ukuta wala fimbo. Yeye na kiongozi wake waliunganishwa kwa kamba fupi.

Kamba! Mwaloni kwetu kamba zinalala kila mahali, za mitumbwi, za nyavu, nyingine zimetupwa tu.

Tulikumbuka Bartimayo wa Injili ya Marko. Umati ulimtaka anyamaze; Bwana akasimama, akaagiza aitwe, halafu akamwuliza anataka afanyiwe nini. Tumeitafakari sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara tulijiweka upande wa Bartimayo. Sisi tulikuwa umati, tena umati mpole, ambao ni mgumu zaidi kuujibu.

Likizo iliyopita tulikwenda nyumbani kwake. Ana mke na watoto sasa. Tulimweleza habari za fimbo na kamba, kisha tukamwuliza, kwa kuchelewa kwa zaidi ya miaka ishirini, kama alitaka kuingia majini wakati ule. Alinyamaza kidogo.

"Nilikuwa nawahesabu," akasema. "Kila mmoja akipiga mbizi nilimsikia, nikahesabu mpaka aibuke. Niliogopa siku moja hesabu isitimie, na mimi ndiye niko na nguo zenu."

Hatukuwa na la kusema. Mkewe ndiye aliyesema, kwamba jioni ile ziwa lilikuwa limetulia.

Tulimfunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwa mmoja wetu, mwingine akasimama upande wa kina. Maji yalipomfika kifuani alisimama, akapiga kofi juu ya maji, akasikiliza. Akauliza Kongo iko upande gani. Tukamgeuza. Mawimbi madogo yalimpiga shingoni, akacheka, akavuta kamba twende mbele zaidi.

Nguo zetu zilibaki mchangani peke yake.