Majira ya Kupanda Kilimanjaro

Kila mwaka likizo inapokaribia, walimu wenzetu wa mbali hutuuliza swali lile lile: ni mwezi gani ulio mwema kwa kupanda Kilimanjaro? Wengine hutaka jibu la neno moja. Lakini sisi tukaao chini ya mlima huu, ambao huutazama kabla ya kengele ya asubuhi, twajua ya kuwa neno moja halitoshi. Basi tumeona vyema kuandika yale tuliyoyapata kwa kupanda wenyewe, na kwa kuwasikiliza wazee wa Marangu walioijua njia ile tangu ujana wao.

Kwanza msomaji na akumbuke ya kuwa mlima huu una urefu wa futi 19,340, yaani meta 5,895, nao u karibu sana na ikweta. Kwa hiyo mwaka wake haugawanywi kwa joto na baridi kama Ulaya, bali kwa mvua na upepo. Majira yetu ni manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Tena mpandaji hupita nchi tano kwa siku chache: migomba na kahawa, kisha msitu, kisha vichaka na majani, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu. Kila apandapo meta 1,000, baridi huzidi kwa kadiri ya digrii 6. Ndiyo maana mvua ya msituni huweza kuwa theluji kule Kibo.

Masika huanza Machi na kuishia Mei. Upepo wenye unyevu hutoka baharini, ukiupiga mlima hupanda, hupoa, na kumwaga maji yake. Kwa sababu hiyo upande wa kusini, wa Marangu na Machame, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini, wa Rongai. Katika Aprili na Mei njia ya msituni huwa tope tupu, mizizi huteleza, na wingu hufunika kila kitu. Wako wapandao wakati huo, maana wageni ni wachache na vibanda vina nafasi. Wengine husema, "Tutavumilia mvua." Nasi twawauliza: ni nani atakayeivumilia?

Twasema hivi kwa kuwa miaka kadha iliyopita, katika Aprili, kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu alichukuliwa kazi ya upagazi na watu ambao hatutawataja. Mvua iliwanyeshea siku tatu mfululizo. Wasafiri walikuwa na makoti yasiyopenya maji; yeye alikuwa na sweta yake ya shule na viatu vya turubai. Aliposhuka alikuwa na kichomi, akalala hospitali muda wa majuma mengi. Tulipokwenda kumtazama alitwambia kwa sauti ndogo, "Walimu wangu, wao walikuwa na nguo za kubadili. Mimi nilikuwa na mzigo wa nguo zao." Kwa rehema za Mungu alipona. Lakini tangu siku ile hatuwezi kuzungumza habari ya majira kana kwamba ni jambo la mpandaji peke yake.

Vuli, ya Novemba na Desemba, ni nyepesi kuliko masika, nayo huwajaribu walimu, maana ndipo likizo ndefu inapoangukia. Sisi tulipokuwa tukipanga safari yetu tulibishana sana: wawili walitaka Desemba, wawili walitaka Juni. Tukamwendea mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa wapandaji. Akasikiliza, kisha akasema, "Walimu, Desemba mlima huweza kuwapa siku njema, lakini haukuahidi. Nendeni wakati unapoahidi." Tukachagua mwisho wa Juni.

Basi miezi iliyo myema ni ya namna mbili. Kiangazi, yaani Januari na Februari, kina joto kidogo na asubuhi zake huwa nyeupe. Kipupwe, tangu mwisho wa Juni hata Septemba, ni kikavu, lakini usiku wake ni mkali. Kileleni baridi huweza kushuka digrii 15 chini ya sifuri. Julai na Agosti wageni huwa wengi mno. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliokuwa wa kwanza kuandikwa kuwa wamefika kileleni, walifika tarehe 6 Oktoba 1889, kabla ya vuli kushika.

Chagueni pia mwezi wa angani. Watu huondoka Kibo karibu na usiku wa manane, wakati changarawe imeshikamana kwa baridi, ili wafike juu alfajiri. Mbalamwezi huwa rafiki mwema. Sisi tulifika Gilman's Point jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, na mawingu yametandazwa chini yetu kama pamba. Tulikuwa watatu tu. Mwenzetu wa nne alishikwa na kichwa na kutapika, na kiongozi akamrudisha upesi, ndivyo ipasavyo. Majira mema hayaongezi hewa: kule juu hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwenda pole hajikwai. Ongezeni siku moja ya kupumzika Horombo.

Wengine siku hizi hufanya haraka kwa kuwa barafu inapungua, na ni kweli: tangu 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha kutoweka. Hata hivyo miezi michache ya kungoja haitawanyima kuiona.

Basi, ndugu msomaji, chagua kiangazi au kipupwe. Na kabla ya kuanza safari, wapange wapagazi mstari, uwatazame miguuni na mabegani kama tuwatazamavyo watoto asubuhi. Yule asiye na koti wala viatu, kwake yeye hakuna mwezi ulio mwema.